Filta ya Toyota 90915-YZZE1 kwa IST na Probox: nzuri, ila inataka mkono na siyo spana

Filta ndogo ya oili ya Toyota, namba 90915-YZZE1, ndiyo inayoingia kwenye IST, Probox, Vitz na gari nyingine nyingi zenye injini ya 1NZ au 2NZ. Kwa Mtwara na Lindi hilo ni kundi kubwa: teksi za mjini, Probox za kwenda Mikindani na Mingoyo, gari za watumishi. Hapa tunaitazama kwa upande mmoja tu, ule unaowasumbua wenye gari kuliko mwingine: kuvuja oili pale filta inapokutana na injini. Jibu la haraka ni kwamba filta yenyewe inastahili bei yake, lakini nyingi zinazolaumiwa kwa kuvuja hazina kosa. Kosa liko kwenye kiti cha filta (uso wa injini ambapo filta inakaa), kwenye nyuzi, au kwenye mkono wa aliyefunga.

Kwanza kilichomo ndani. Kopo la bati, karatasi iliyokunjwakunjwa, na vali mbili. Moja huzuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Nyingine ni ya dharura: karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito sana, inafunguka ili injini isikose oili, hata kama itapita bila kuchujwa. Nje, kwenye mdomo, kuna gasketi ya mpira, na hiyo ndiyo peke yake inayozuia oili isitoke. Hakuna kingine. Ndiyo maana ubora wa gasketi una uzito kuliko rangi ya kopo.

Gasketi ya filta orijino imekaa vizuri kwenye mfereji wake. Uigeuze filta mdomo chini na kuitikisa, haidondoki. Uso wake ni laini pande zote, na ukiubonyeza kwa ukucha unarudi mara moja. Nyuzi za tundu la kati zimekatwa safi; pitisha kidole, hutahisi vipande vya chuma vilivyobaki. Kwenye filta za bei ya chini haya mambo matatu ndiyo huanza kulegalega. Gasketi huwa ngumu tangu dukani, au imebanwa upande mmoja na kupwaya upande wa pili, au nyuzi zina vumbi la chuma ambalo litaingia moja kwa moja upande wa oili safi. Hilo la mwisho ni baya kuliko kuvuja, maana oili inayovuja unaiona chini ya gari, lakini vumbi la chuma hulioni mpaka limeshafika kwenye beringi.

Feki zipo, na boksi si ushahidi. Boksi linaigwa vizuri sana siku hizi. Tazama ndani ya tundu la kati kwa tochi: karatasi ziwe zimekaa sawa, bila pengo la gundi kwenye maungio. Tazama namba iliyochapwa kwenye kopo: ikifutika kwa kidole chenye mafuta ya taa, rudisha. Kisha pima kwa akili bei uliyoambiwa. Orijino huwa juu ya zile zisizo na jina, kwa hiyo duka linalokuuzia "orijino" kwa bei ya filta ya kawaida limeshakujibu swali lako. Si lazima ununue ya boksi la Toyota. Kampuni za filta zenye jina, kama VIC, Denso au Sakura, zina za kufaa kwenye injini hii. La muhimu ni muuzaji atafute kwa aina ya injini, asikadirie kwa macho.

Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta balaa. Nyuzi za filta hii ni 3/4-16 UNF, yaani kipenyo cha takribani milimita 19 na nyuzi 16 kwa kila inchi. Filta ya Suzuki Carry, yaani Kirikuu, pamoja na za Nissan na Mazda nyingi, ni M20x1.5. Kopo linaweza kulingana kabisa, hata gasketi ikalingana, lakini tundu ni milimita 20. Ukiifunga filta ya Kirikuu kwenye nipeli ya IST, yaani bomba yenye nyuzi inayoshikilia filta, inaingia! Inazunguka kwa ulaini usio wa kawaida, inakaza kidogo mwishoni, injini inawaka, chini pakavu. Kinachoishikilia ni ncha za nyuzi tu. Presha ya oili ikipanda, siku ya kuwasha injini ya baridi au ukivuta gia kupandisha mlima wa Mikindani, inachomoka au inainama upande na oili yote inamwagika barabarani. Dalili ya kujikinga ni moja: kabla gasketi haijagusa kiti, shika filta uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, itoe, hata kama fundi anakuambia "itakaza tu".

Sasa ufungaji, na hapa tusiwe wachoyo wa maneno, kwa sababu ndipo filta nzuri inapoharibiwa.

Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, usiiache ichemke mpaka ikuunguze. Inua gari kwa jeki na uiweke kwenye stendi. Jeki peke yake haishikilii uhai wa mtu. Kabla ya kugusa filta, safisha eneo lote linaloizunguka kwa brashi na kitambaa chenye dizeli kidogo. Wengi huiruka hatua hii, na kwa huku kwetu hairukiki. Gari lililotoka Tandahimba au Newala kwa njia za mashambani wakati wa msimu wa korosho lina mchanga umeganda na oili kila mahali, na mara nyingi ile ngao ya plastiki ya chini ilishatolewa zamani ikatupwa. Ukifungua filta bila kusafisha, mchanga unaangukia kwenye kiti. Chembe moja chini ya gasketi inatosha kuacha njia ya oili, tena njia nyembamba isiyoonekana mpaka injini ipate moto.

Nati ya kumwagia oili ni ya spana 14. Ina washa yake, na washa hiyo hubadilishwa kila unapomwaga, kwani ikishabanwa mara moja haibani tena vizuri. Kaza kwa nguvu ya Nm 37 hivi (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha spana ya kupimia). Sampo (bakuli la oili chini ya injini) nyingi zilizoharibika nyuzi zilikazwa na mtu aliyesimama juu ya spana.

Filta hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ikigoma, tumia kikombe chake au mkanda. Mnyororo wa baiskeli kwenye kipande cha bomba unafaa pia. Kutoboa kwa bisibisi na kuitumia kama mpini ni njia ya mwisho kabisa. Bati likichanika karibu na mdomo, utabaki na duara la chuma lililokwama kwenye injini na hakuna cha kushikia. Kipande cha msasa kikizungushwa kwenye kopo lenye oili huongeza mshiko kuliko watu wanavyodhani.

Ikishatoka, igeuze mdomo juu na utazame: gasketi imetoka nayo? Usiulize kingine chochote kabla ya hilo. Gasketi iliyokaa muda mrefu na kupikwa na joto hunata kwenye kiti, filta ikaja bila yake. Fundi akifunga mpya juu yake, zinakuwa gasketi mbili, moja haina mfereji wa kuishikilia. Zitavumilia injini ikiwa inasilensa. Ukikanyaga mafuta, ile isiyo na mfereji inasukumwa nje na oili inatoka kwa kasi, ndani ya dakika chache sampo ni tupu. Sehemu kubwa ya visa vya "filta mpya imevuja siku ileile" ni hiki, na hakuna filta duniani, iwe ya bei gani, inayoweza kukukinga nacho. Pitisha kidole kwenye duara zima la kiti, maana gasketi nyeusi iliyojaa oili huwezi kuitofautisha na chuma kwa macho ukiwa umelala chini ya gari.

Kagua pia nipeli, ile bomba yenye nyuzi inayobaki kwenye injini. Wakati mwingine filta iliyokazwa kupita kiasi hutoka nayo. Ikitoka, ifungue kutoka kwenye filta kuukuu, isafishe, uirudishe kwenye injini na kuikaza kabla ya kufunga mpya. Ukiiacha kwenye filta na kufunga vyote kwa pamoja, hutajua kilichokaza ni kipi.

Paka gasketi mpya oili safi ya injini kwa kidole. Oili, siyo grisi, na kamwe siyo silikoni ya tyubu. Silikoni inaifanya gasketi iteleze na kutoka mahali pake, na vipande vyake vinavyokatika kwa ndani husafiri na oili. Teflon ya mafundi bomba nayo haina kazi hapa. Nyuzi za filta hazizuii oili, zinashikilia tu. Gasketi kavu nayo ina kasoro yake: inajikunja inapozungushwa, na ikijikunja huvuja hata kama umekaza sana.

Zungusha kwa mkono mpaka gasketi iguse kiti. Weka alama ya chokaa au rangi kwenye kopo, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, yaani digrii 270. Basi. Kwa mwenye spana ya kupimia ni Nm 17.5. Mkono wa mtu mzima ulio mkavu unafika hapo bila kifaa chochote. Kilichozoeleka gereji nyingi, "ongeza kidogo kwa usalama" kwa kutumia mkanda, hufinya gasketi mpaka inatokeza nje ya mfereji. Mpira ukishapita kiwango chake unapoteza ule urudishaji wake, na baada ya wiki kadhaa za joto na kupoa huanza kutoa jasho la oili. Mwenye gari anasema filta ni mbovu. Fundi anaikaza zaidi.

  

Injini hii inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Dumu la lita 4 usilimalize lote. Oili ikizidi mstari wa juu, kishindo cha krenki huipiga povu, na oili yenye povu hailainishi sawasawa. Washa, iache isilense, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Chungulia chini. Pandisha mizunguko kidogo, chungulia tena. Zima, subiri dakika tano, soma kijiti. Baada ya safari ya kwanza ya kutosha kupasha injini moto, tazama tena kwa tochi, kwa sababu mvujo mdogo haujitokezi injini ikiwa baridi.

Je, ikivuja bado? Usibadilishe filta kwanza. Oili hushuka, na filta iko chini, kwa hiyo kila kinachovuja juu kitaishia kuonekana ni filta. Kwenye 1NZ yenye umri, washukiwa ni gasketi ya kava la juu la vali, silikoni ya kava la mnyororo wa taimingi, na swichi ya presha ya oili, ambayo ikichakaa huvujia katikati ya plastiki yake na siyo kwenye nyuzi. Safisha yote, kausha, nyunyiza poda ya mtoto kuanzia juu hadi kwenye filta, acha injini iungurume dakika kumi. Poda italowa pale oili inapoanzia na kushuka kwa mstari. Ikiwa duara la mdomo wa filta ni kavu na mstari unatoka juu yake, umeokoa hela ya filta.

Kuna kisa kimoja ambacho poda haitakisaidia: kopo limevimba kitako, au gasketi imesukumwa nje ingawa ilifungwa sawasawa. Hapo tatizo ni presha. Presha ya kawaida ya injini hii ni kPa (kilopaskali) 49 au zaidi ikiwa inasilensa, na kati ya 150 na 550 kwa mizunguko 3,000. Vali ya kupunguzia presha kwenye pampu ya oili ikikwama ikiwa imefunga, presha huzidi kiwango hicho na kitu dhaifu kuliko vyote njiani ni gasketi ya filta. Ukifunga filta nyingine itavimba kama ya kwanza. Fungua swichi ya oili, funga geji ya presha mahali pake, upime kabla ya kununua chochote.

Joto la pwani hii si adui mkubwa wa gasketi kama wengi wanavyosema. Oili ndani ya injini ina joto kubwa kwa mbali kuliko hewa ya Mtwara. Adui ni muda. Filta ya teksi inayokaa inaunguruma stendi masaa mengi inachoka kabla kilomita hazijasoma, kwa hiyo mwenye teksi asisubiri kilomita 5,000 kamili. Chumvi ya bahari nayo hula kopo kwa nje, hasa gari linalolala Shangani au kando ya gati la Lindi: rangi ikishakwanguliwa na mawe, kutu inaanzia hapo. Kopo lenye kutu ya kuchimba libadilishwe hata kama oili bado nzuri.

Kuhusu ile vali ya kuzuia oili kurudi: kwenye injini ambazo filta imelala ubavu au mdomo uko chini, vali mbovu huacha oili yote ishuke usiku, na asubuhi unasikia mnyororo wa taimingi ukigonga sekunde kadhaa.   Filta orijino inafanya vizuri kwenye hili. Feki ndizo utakazozijua kwa kelele za asubuhi.

Upatikanaji ni mzuri mjini Mtwara na Lindi, hafifu zaidi ukielekea Liwale au Nachingwea. Spea nyingi hutoka Kariakoo kwa barabara, na barabara hiyo inakatika: Mei 2024 mafuriko yaliikata eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Mwenye gari la biashara anunue mbili kwa mpigo, pamoja na washa za sampo. Filta haiozi ikikaa kavu ndani ya boksi lake, ila usiiweke kwenye buti pamoja na dumu la petroli, mpira wake hauupendi mvuke huo. Oili chafu usiimwage mchangani. Ardhi ya huku inapitisha haraka na visima haviko mbali. Ijaze kwenye dumu, gereji nyingi zina mtu wa kuichukua.

Wenye Premio na Allion za 1.8 zenye injini ya 2ZR, hii si filta yenu, hata muuzaji akisema Toyota ni Toyota. Yenu ni ya karatasi tupu isiyo na kopo, namba 04152-YZZA6, inayokaa ndani ya kikombe cha injini. Inakuja na oringi ndani ya boksi, na hiyo oringi lazima ibadilishwe, ikae kwenye mfereji wake na siyo juu yake, ikiwa imepakwa oili. Kikombe hukazwa Nm 25, na kizibo chake kidogo cha kumwagia Nm 13 tu. Kikombe kikiwa cha plastiki hupasuka kwa mkono mzito, na hakiuzwi kila duka, kwa hiyo nunua kile kifungulio chake chenye meno kabla ya siku ya kazi.